Seva yako inaweka wapi mafaili yake?

Watu wanaandika programu nzuri kabisa ya seva, kodi safi, afu swali la mafaili yatakaa wapi wanaliacha mpaka mwisho, matokeo yake kila kitu kinarundikwa kwenye folda moja pale pale ilipo programu yenyewe, mipangilio, databezi, logi (rekodi za yale programu inayofanya), picha walizopandisha watumiaji, vyote humo humo. Siku ya kuapgredi ndo kilio. Mtu anafuta folda ya zamani aweke toleo jipya, kumbe na data za watu zilikuwa humo.

Mimi nashauri kila faili uliulize maswali mawili tu: nani ana haki ya kuliandika, na likipotea linarudi vipi? Mafaili yenye majibu tofauti yasikae pamoja, basi.

Na wala huanzi kutunga upya, kwenye Linux kuna utaratibu wa kipi kikae folda gani toka 1994, ulianza kwa jina la FSSTND (Filesystem Standard) ukaja kuitwa FHS (Filesystem Hierarchy Standard), na toleo la 3.0 lilitoka 2015. Mipangilio iende /etc, data za kudumu /var/lib, logi /var/log, kashe (vitu ambavyo programu inaweza kuvitengeneza upya) /var/cache, na vitu vya muda vinavyofutika mashine ikizimwa viende /run. Programu yenyewe inakaa /usr, na /usr inatakiwa ibaki ya kusoma tu, kwahiyo programu inayojiandikia vitu humo wakati inafanya kazi imeshaharibu.

Hapo kwenye /etc na /var/lib ndo naomba watu watulie. /etc ni ya admin, programu kazi yake kusoma tu. Faili la mipangilio liwe la ruti (yuza mkuu wa mashine), grupu liwe la programu, ruhusa 0640 (ruti asome na kuandika, grupu lisome tu, wengine wasiguse), maana paswedi ya databezi mara nyingi iko humo na hutaki kila yuza wa mashine aisome. Sasa hata mtu akidukua programu akaanza kuendesha amri kwa jina la programu hiyo, mipangilio hawezi kuibadilisha. /var/lib/blogu (tuseme programu inaitwa blogu) hiyo ndo ya programu yenyewe, iandike inavyotaka. Bakapu nayo inakuwa rahisi, /etc ni ndogo unaiweka hata kwenye git (chombo cha kutunza historia ya mabadiliko ya mafaili), /var/cache unairuka kabisa, nguvu zako zote zinaenda /var/lib. Ila databezi inayotembea usiikopi faili kwa faili jamani, tumia pg_dump (kwa databezi ya PostgreSQL) au chombo chake husika.

PostgreSQL yenyewe ni mfano mzuri, ukiisakinisha kwenye Debian (aina moja ya Linux) mipangilio inakaa /etc/postgresql na data /var/lib/postgresql, ila kwenye Red Hat (aina nyingine) faili la mipangilio, postgresql.conf, liko humo humo ndani ya folda ya data, /var/lib/pgsql/data. Zote zinafanya kazi, lakini mimi napenda ya Debian, admin mgeni akifungua /etc anaona kila kitu cha kurekebisha.

Kama unatumia systemd (inayowasha na kusimamia programu za seva kwenye Linux) kazi imeshapungua sana. Kwenye faili lake la huduma ya programu yako andika StateDirectory=blogu pamoja na User=blogu, yenyewe itaunda /var/lib/blogu na kuikabidhi kwa yuza huyo, afu ongeza ProtectSystem=strict, karibu mfumo wote wa mafaili unakuwa wa kusoma tu kwa programu hiyo isipokuwa folda ulizoiruhusu. Programu iliyozoea kuandika ovyo utaigundua hapo hapo.

Njia ya folda ya data usiigandishe ndani ya kodi, admin atataka kuihamishia kwenye diski kubwa, mwache aiseme kwenye mipangilio (na kwenye mashine zenye SELinux, ulinzi wa ziada unaotumia lebo za mafaili, akumbuke kurekebisha lebo za folda mpya, la sivyo programu itakataliwa hata kama ruhusa za kawaida ziko sawa). Na kitu ambacho naona hakisemwi vya kutosha: programu ikiwaka ikakuta folda ya data ni tupu, isianzishe databezi mpya kimya kimya. Inawezekana diski haijamauntiwa tu (haijaunganishwa kwenye folda yake), data zipo salama, ila watumiaji wanaingia wanakuta hamna kitu na wanaanza kuandika vipya juu ya folda isiyo yenyewe, afu baadae una seti mbili za data za kuunganisha kwa mkono. Igome kuwaka, iandike kwenye logi imetafuta wapi na imekosa nini, na kuanzisha databezi mpya iwe amri ya peke yake ambayo admin anaiandika mwenyewe.