Machi Mosi Wales: Siku ya Mtakatifu Dewi

Ukitaka kuwajua watu wa Wales, pita kwenye lango la shule ya msingi asubuhi ya tarehe 1 Machi. Hapa Cardiff, mji mkuu wa Wales, wasichana wanakuja na sketi nyekundu, aproni, shali mabegani na kofia ndefu nyeusi; wavulana wengi na jezi nyekundu za raga. Kifuani kuna ua la manjano la dafodili, au liki mbichi nzima, mboga ile ya jamii ya kitunguu, imefungwa kwa pini. Ikifika mchana darasa zima linanuka liki. Binti yangu, ambaye nyumbani tunaongea Kiswahili tu, siku hiyo anaghani mashairi ya Kiwelisi mbele ya shule nzima, nami najivuna kweli.

Dewi, mtakatifu mlinzi wa Wales anayekumbukwa siku hiyo, alikuwa mtawa wa karne ya 6, mama yake akiitwa Non. Alianzisha monasteri Pembrokeshire, magharibi kabisa, palipo leo na mji wa St Davids. Inasimuliwa kwamba watawa wake walivuta plau wenyewe bila ng'ombe, wakala mkate na mboga, wakanywa maji. Huko Llanddewi Brefi alipohubiri umati haukumwona wala kumsikia, basi ardhi ikainuka chini ya miguu yake. Aliyeandika habari hizo, Rhygyfarch, aliishi takriban miaka 500 baadaye, kwa hiyo zichukulieni kama simulizi. Wosia unaonigusa mimi ni ule wa mahubiri yake ya mwisho: furahini, shikeni imani, tendeni yale mambo madogo mliyoyaona kwangu.

Jioni ni cawl, supu ya kondoo, viazi, karoti na liki. Jirani yangu, bibi wa makamo, huipika jana yake, akailaza, akaengua mafuta yaliyoganda, ndipo akaipasha na kuila kwa mkate na jibini. Msiile siku ileile, hainogi.

Kinachoniuma ni kwamba siku hii si ya mapumziko kisheria. Mwaka 2000 wawakilishi wa Wales walipiga kura kwa kauli moja kuiomba. Serikali ya Uingereza kule London haikukubali. Mwaka 2022 halmashauri ya Gwynedd, kule kaskazini, iliamua kuwapa watumishi wake mapumziko siku hiyo. Natamani na za huku kusini zifanye hivyo, na sisi wageni tunaofanya kazi humo tuungane na wenyeji kuidai.