Hakikuchuja

"Mama, hiki kitambaa kimechuja?"

Binti yangu aliniuliza hivyo Jumamosi iliyopita, alipokuwa akipekua sanduku langu kutafuta nguo ya kuvaa kwenye harusi ya binamu yake, naye alikuwa ameishika ile sari nyekundu ya pamba kwa ncha mbili na kuielekeza dirishani. Nilimwelewa. Kwa mtu aliyekulia kwenye kanga, ambayo mapambo yake yana mipaka iliyokatwa sawasawa, yale maua madogo meupe na meusi yenye kingo zinazotetemeka yanafanana kabisa na rangi iliyochujia kwenye beseni la kufulia. Nilimjibu kwamba hakikuchuja, kilifumwa hivyo, kisha nikakaa kitandani nikaishika ncha moja, na kazi ya kutafuta nguo ya harusi ikasimama.

Ulikuwa mwaka 2009, nami nilikuwa mwaka wa pili wa masomo Hyderabad, India. Mwanafunzi mwenzangu alinichukua Jumapili moja kwenda Pochampally kwa shangazi yake, safari ya basi ya zaidi ya kilomita 40, kupita mashamba ya mpunga na yale majabali makubwa ya nchi ile ambayo yamekaa juu ya mengine kama yamepangwa na mtu. Wakati huo hapo palikuwa bado jimbo la Andhra Pradesh. Jimbo la Telangana lilikuja kuundwa mwaka 2014. Wahindi wengi wanakijua kijiji hicho kwa ajili ya Vinoba Bhave, ambaye mwaka 1951 alianzia hapo harakati zake za kuwaomba wenye ardhi wawagawie wasio nayo, na ndiyo sababu kinaitwa Bhoodan Pochampally, bhoodan ikiwa na maana ya zawadi ya ardhi. Mimi nilikwenda kwa ajili ya nguo tu.

Shangazi wa mwenzangu sote tulimwita Amma. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili, na kimojawapo kilikuwa kimemezwa chote na mtambo wa kufumia, uliotegwa juu ya shimo lililochimbwa sakafuni. Mumewe alikaa ukingoni mwa shimo hilo, miguu ikiwa chini kwenye kanyagio na kiuno kikiwa usawa wa sakafu, kiasi kwamba aliyeingia mlangoni alimwona kama mtu aliyezama nusu ardhini.

Jambo lililonishangaza, na ambalo nilijaribu kumweleza binti yangu kwa maneno mengi kuliko alivyohitaji, ni kwamba katika ufumaji ule rangi hutangulia kitambaa. Ufumaji huo huitwa ikat, neno lenye asili ya Kimalei ambalo maana yake ni kufunga. Nyuzi hufungwa kabla ya kuchovywa, na palipofungwa rangi haipenyi. Kwa sari kama yangu, sehemu za kubaki nyeupe hufungwa kwanza, uzi ukachovywa katika nyekundu na kukaushwa. Kisha sehemu za kubaki nyekundu nazo hufungwa, uzi ukarudishwa katika nyeusi. Mwishowe vifungo vyote hufunguliwa. Hapo unabaki na lundo la nyuzi zenye madoa ambayo hayana maana yoyote kwa jicho la mgeni. Ua halipo bado. Liko kichwani mwa mfumi, limekatwakatwa katika mamia ya nyuzi, na litaonekana tu endapo kila uzi utakaa mahali pake.

Nilipoelewa hivyo nilimkumbuka bibi yangu wa Pangani, ambaye alichovya miyaa ya ukindu katika sufuria la rangi kabla ya kusuka ukili. Lakini miyaa ya bibi kila mmoja ulikuwa na rangi moja, ukiharibika unachomolewa na kutiwa mwingine. Uzi wa Amma ulikuwa na rangi tatu zinazopokezana kila baada ya kidole kimoja, na uzi huo hauchomolewi.

Kilichofungia nyuzi kilikuwa tyubu ya baiskeli. Nilitarajia kamba maalumu, nikakuta mpira uleule mweusi ambao Tanga hufungia mizigo nyuma ya kiti na watoto hutengenezea manati. Kijana wa nyumba ile alikuwa ameikata kwa mkasi katika vipande vyembamba kama tambi pana. Alikishika kimoja, akakivuta mpaka kikawa chembamba zaidi, akakizungusha kwenye fungu la nyuzi lililotandazwa kwenye fremu, mara nne au tano, kila mzunguko ukiukanyaga uliotangulia, kisha akachomeka ncha chini ya mzunguko wa mwisho. Hakufunga fundo. Akahamia alama ya pili, ambayo ilichorwa kwenye nyuzi kwa kufuata karatasi ya miraba iliyobandikwa ukutani. Nilimuuliza sari moja ina vifungo vingapi. Alicheka kwa heshima na kuendelea na kazi.

Baba mwenye nyumba naye alinifanya nisimame nyuma ya bega lake kwa muda ambao sasa siwezi kuukadiria. Alipitisha uzi wa mshindio kutoka kushoto kwenda kulia, akasita, akaangalia kama doa jeupe la uzi ule limeegemea doa jeupe la uzi wa kabla yake, akauvuta kidogo pembeni kwa ncha ya kidole, pengine kwa upana wa punje ya mchele, ndipo akaugonga ukae. Akapitisha mwingine. Ua lilipanda kwa uzi mmoja mmoja, na kwa kuwa hakuna kidole cha binadamu kinachoweza kulinganisha madoa mia moja bila tofauti ya unywele, kingo za ua zilibaki na ule mtetemo ambao mwanangu aliudhania ni kuchuja. Tangu siku ile kila ninapouona moyo wangu hulainika. Naona ni kitu kizuri kupita mstari wowote ulionyooka.

Sari niliyoitaka ilikuwa kwenye rafu ya juu. Amma alinyoosha mkono wa kulia, ukafika usawa wa sikio ukakataa, akabadilisha akatumia wa kushoto. Mwenzangu aliniambia kwa sauti ya chini kwamba ni bega, kwa sababu ya asu. Asu ni kazi ya kupanga uzi kabla haujafungwa: mwanamke huuzungusha kutoka kigingi kimoja cha upande huu hadi kwenye safu ya vigingi iliyopindwa kama nusu duara upande wa pili, akaurudisha, akaupeleka tena, na kwa sari moja mkono huenda na kurudi takriban mara 9,000.

Niliyasikia hayo kwa masikio yangu mawili. Na bado, Amma aliposema rupia 1,400, mimi nikasema 900.

Kwetu kupatana bei ni adabu. Anayelipa bila kuomba apunguziwe huonekana anajikweza. Nilisema 900 kama ambavyo ningesema sokoni Ngamiani, kwa tabasamu, nikisubiri anijie na 1,300. Amma hakunijia na chochote. Alitazama sari iliyokuwa mapajani mwangu, akaenda pembeni ya chumba, akarudi na kapu, akachuchumaa mbele yangu na kulimimina kapu lote juu ya mapaja yangu na juu ya sari.

Vilikuwa vile vipande vya tyubu vilivyokwisha kufunguliwa. Vilianguka kimyakimya, vyepesi, vikaendelea kuanguka. Vingine vilikuwa bado vimejikunja umbo la uzi uliokuwa ndani yake, na vingine vina ukungu wa wekundu kwenye kingo. Vilinijaa mpaka magotini na kumwagika sakafuni. Kisha Amma alichukua kimoja, akanishika kidole cha shahada, akakizungusha mara nne au tano namna ileile ya mwanawe, akachomeka ncha. Kidole kilianza kupiga kama moyo. Alikiacha hivyo kwa pumzi chache huku akiniangalia usoni, akakifungua, na ngozi ikabaki na pete nyeupe ambayo polepole ilirudi rangi yake. Akauonyesha ule mrundo kwa kiganja kilicho wazi.

Mpaka leo sijajua alinikemea au alinijibu. Nilikuwa nimeuliza vifungo ni vingapi, na labda mwanawe alimwambia, naye kama mwenyeji mwema akaona mgeni asiondoke bila jibu. Uso wake haukuwa na hasira. Mwenzangu hakutafsiri kitu, kwa kuwa hakuna neno lililosemwa, na nilipomuuliza ndani ya basi alitazama nje akasema shangazi yake ndivyo alivyo.

Nilisema 1,100. Amma akasema sare, ambayo kwa Kitelugu maana yake ni haya basi, akaikunja sari kwa mkono wa kushoto akisaidia kwa wa kulia. Katika mkoba wangu nilikuwa na rupia 1,600 na nauli. Hilo ndilo sijawahi kumwambia mtu.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Chintakindi Mallesham, kijana wa wilaya ya Nalgonda, ambamo Pochampally nayo ilikuwamo wakati huo, aliyemwona mama yake akiumia kwa asu na hatimaye, mwaka 1999, akafanikiwa kuunda mashine ya kuifanya kazi hiyo. Mwaka 2017 serikali ya India ilimtunuku nishani ya Padma Shri. Nilifurahi, halafu nikahesabu. Siku nilipokaa sakafuni kwa Amma mashine hiyo ilikuwa na umri wa miaka kumi, na kwake haikuwa imefika.

Nilimwonyesha binti yangu namna ya kuitambua, kwani siku hizi viwanda huchapa michoro ileile juu ya kitambaa cheupe na kuuza kwa bei ndogo. Nikaigeuza. Upande wa nyuma maua yalikuwa yaleyale, na rangi ileile iliyokolea, kwa sababu wino haukupakwa juu. Uzi wenyewe ndio uliobeba rangi. Aliigeuza tena na tena, akapitisha kidole kwenye ukingo wa ua moja.

"Ulinunua bei gani?"

Nilimtajia. Akauliza kama hiyo ni nyingi au kidogo, nikaanza kujibu, nikaacha.

Alipokuwa akiikunja, katika mkunjo wa ndani kilidondoka kipande kimoja cha mpira ambacho mwaka ule nilikikuta bwenini kimenasa kwenye pindo, nikakirudisha hapohapo. Alikiokota akidhani ni takataka, akakivuta kukijaribu, kikakatika mkononi mwake kama jani kavu. Akaniomba radhi. Nikamwambia aviweke ndani vyote viwili, na sari juu yake.