Mbiri, Jimbo la Mlolongo

Kutoka Kenol hadi mjini Murang'a makanga alidai mia mbili, eti mvua, na kiti chenyewe tulibanana watatu. Ningelalamika siku nzima, lakini kwenye uwanja wa shule moja nje ya mji nilikutana na mzee aliyekuwa karani kituoni wakati wa mlolongo wa Februari 1988, ile kura ya kupanga mistari hadharani ya kuteua wagombea wa KANU, chama pekee Kenya wakati huo, na nauli nikaisahau.

Vilima hivi ndivyo vilivyokuwa jimbo la Mbiri, ambalo leo tunaliita Kiharu. Dakta Julius Gikonyo Kiano ndiye aliyekuwa mbunge hapa mpaka 1979, Kenneth Matiba alipomwangusha.

"Simama hapa, kijana," mzee akanivuta hadi katikati ya nyasi. Kila wakala alishika picha ya mgombea wake, na wanachama wa KANU wakajipanga nyuma ya picha. Saa ikifika, hakuna kuongeza mtu. Karani anapita akihesabu vichwa, msimamizi anaandika idadi na kuitangaza, watu wanatawanyika. Hapo ndipo palipooza. Mstari mfupi ukitangazwa kuwa mrefu, utarudia kuhesabu nini? Hakuna karatasi ya kura hata moja iliyobaki, na watu wameshakwenda zao shambani.

Aliyefikisha asilimia 70 alipita bila kupingwa, asirudi tena kwenye kura ya siri ya uchaguzi mkuu wa Machi. Na asilimia hiyo ilikuwa ya waliojipanga, si ya waliojiandikisha: katika jimbo la wapiga kura 50,000, wakijitokeza 5,000, basi 3,500 wanatosha kumpeleka mtu Bungeni. Zaidi ya hapo, chifu, mwajiri na anayekudai walikuona umesimama wapi. Mzee anasema wengi waliona heri kubaki nyumbani, na mimi siwalaumu hata kidogo.

Desemba mwaka huohuo Matiba alijiuzulu uwaziri akipinga wizi wa kura katika uchaguzi wa chama. Julai 1990 aliwekwa kizuizini pamoja na mwanasiasa mwenzake Charles Rubia kwa kudai vyama vingi, na kufikia Desemba KANU ikaukubali mwisho wa mlolongo.

Njiani kurudi niliwawaza wazee wa kwetu Kilifi waliosimama kwenye mistari ileile. Tuwaendee wangali hai, tuandike kituo kwa kituo: nani alikuwa na mstari mrefu, na nani alitangazwa.