Babu, kijana wa kahawa na bao la jioni ile

Juzi binti yangu alirudi kutoka shuleni akiwa amefungwa sataranji na mtoto wa darasa la chini yake, akavua viatu, akakaa sakafuni na kuniuliza kama mtu anaweza kujizoeza mpaka akampita mwenzake aliyezaliwa na kipaji. Nilimpa jibu ambalo wazazi wengi hulitoa, kwamba juhudi haimtupi mtu, naye akanitazama kwa namna iliyonionyesha kwamba hakuridhika hata kidogo. Usiku ule nilimkumbuka Babu, pamoja na jioni moja pale barazani Mkunazini, mjini Zanzibar, ambayo nimeifikiria miaka yote hii bila kuimaliza.

Babu alicheza bao kila siku, baada ya sala ya alasiri mpaka adhana ya magharibi. Hakuwa fundi, na barazani hapakuwa na mtu aliyeona haya kulisema hilo mbele yake. Alihesabu polepole, alifungwa mara nyingi kuliko alivyofunga, na Maalim, rafiki yake wa tangu utotoni, alimfunga karibu kila walipokutana. Kilichomtofautisha na wengine kilitokea nyumbani, baada ya chakula cha usiku, alipolitoa bao lake, akazipanga komwe, ndizo kete zake, kama zilivyokuwa pale mchezo ulipomgeukia, kisha akazirudia njia zote chini ya mwanga wa kandili mpaka ajue alipokosea. Bibi alikuwa akimwambia, “Mume wangu, mchezo huo umekwisha tangu magharibi,” naye hujibu kwamba kwake bado haujaisha.

Kijana alikuja barazani kwa njia nyingine. Alikuwa msaidizi wa muuza kahawa. Kazi yake ilikuwa kuosha vikombe na kushika sinia la kashata, na hakuna aliyemfundisha bao. Siku moja mchezaji mmoja alichelewa, wazee wakamwita akae badala yake ili muda upite, naye akamfunga mwenyeji wake. Kabla masika hayajaisha alikuwa amemfunga kila mtu pale, Maalim akiwa miongoni mwao. Baraza nzima ilisema kwamba mtoto yule kazaliwa nalo.

Aliyewahi kukaa mbele ya bao la Kiswahili anajua ugumu wake ulipo. Mashimo ni 32 na kete ni 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, na wakati wa namua huziingiza moja moja. Zikishaisha mkononi huingia mtaji, na hapo mwendo mmoja unaweza kula, yaani kuchukua kete za mpinzani, ukaanzia tena kichwani, shimo la pembeni la safu ya mbele, ukala tena, ukazunguka safu zako zote mbili kabla kete ya mwisho haijalala katika shimo tupu. Kila kula hubadilisha hesabu ya mashimo yanayofuata, na barazani kwetu aliyegusa amecheza, kwa hiyo mwendo wote sharti uonekane akilini kabla mkono haujashuka.

Jioni hiyo ninayoizungumzia, Babu alikuwa amekaa mbele ya kijana, nami nilikuwa ubavuni mwa Babu, karibu kiasi cha kusikia pumzi zake. Namua ilikuwa imekwisha. Kete zilizobaki upande wetu zilikuwa chache na zimetawanyika, ilhali safu ya mbele ya kijana ilikuwa nzito, hasa mashimo ya katikati. Mtu mmoja nyuma yangu alisema kwa sauti ya chini kwamba mzee amekwisha. Babu aliweka mikono yote miwili juu ya magoti na kulitazama bao kwa muda mrefu, akiisogeza midomo bila sauti, wakati kahawa iliyomiminiwa kwa ajili yake inapoa kikombeni. Hatimaye akainua kete kutoka shimo moja la safu ya nyuma.

Alizisambaza kuelekea kushoto, moja moja, kwa vidole vilivyotetemeka kidogo. Ya mwisho ikaangukia mbele, katika shimo lenye kete lililokabili moja ya yale mazito, akala. Akaanzia kichwa cha kushoto, akasambaza, akala tena. Kete ya mwisho ikafika mahali ambapo upande wa pili palikuwa patupu, nikadhani sasa italala, lakini shimo lenyewe lilikuwa na kete, akazichota zote na kuendelea, akapita nyuma, akarudi mbele, akala mara nyingine. Sauti za komwe zikigonga ubao ndizo pekee zilizosikika. Wakati huo niliacha kuitazama mikono ya Babu, nikamtazama kijana. Macho yake hayakuwa yakifuata kete. Tangu Babu alipoinua ile ya kwanza yalikuwa yameelekea kwenye shimo moja la nyuma, upande wa kulia wa Babu, yakatulia hapo. Na kete ya mwisho ilipolala, ililala katika shimo hilohilo, safu ya mbele ya kijana ikiwa imebaki tupu kabisa, yaani amefungwa.

Watu walipiga kelele. Kijana alimpa Babu mkono kwa heshima, akasema, “Babu, mimi nililiona ulipokuwa bado unalitafuta. Nilikuwa naomba usilione.”

Tulipokuwa tukirudi nyumbani Babu aliniambia kwamba hakulitafuta jioni ile. Maalim alikuwa amemfunga katika hali inayokaribiana na hiyo muda mrefu uliopita, naye aliirudia usiku baada ya usiku mpaka akapata mlango wa kutokea. Kilichomchukua majira mazima, kijana alikiona katika muda wa kunywa funda moja la kahawa.

Nilipokuwa mtu mzima nilisoma habari za László Polgár wa Hungaria, aliyeamini kwamba fundi hutengenezwa, akawafundisha sataranji binti zake watatu nyumbani tangu wakiwa wadogo. Mwaka 1991 Susan alipata cheo cha juu kabisa cha mchezo huo, na mwaka huohuo Judit akakipata akiwa na miaka 15. Sofia aliishia kwenye cheo kilicho chini yake. Wanaotetea juhudi huwataja sana dada hao, na wana haki, lakini mimi humfikiria zaidi Sofia, aliyekula chakula kilekile na kufundishwa na baba yuleyule. Vilevile kuna utafiti wa Fernand Gobet na Guillermo Campitelli, uliochapishwa 2007, kuhusu wachezaji wa sataranji wa Argentina: kuna aliyefikia umahiri kwa takriban saa 3,000 za mazoezi, na kuna aliyehitaji zaidi ya 23,000.

Hata hivyo siwezi kuliacha neno la baraza lipite hivihivi. Kijana alisimama pale na sinia lake jioni baada ya jioni, akitazama michezo mingi kuliko mchezaji yeyote, na hakuna aliyezihesabu saa zake kwa sababu alikuwa amesimama, tena akifanya kazi. Tuliita kipaji kitu ambacho sehemu yake kubwa kilikuwa ni uangalifu wa mtoto maskini. Kisha hukumbuka kwamba nami nilikuwa pale, nimekaa, nimeshiba, nikitazama michezo ileile, wala sikuona alichokiona. Hapo ndipo hesabu yangu hukwama kila mara.

Kesho yake kijana alimfunga Babu, na siku zilizofuata pia. Babu alimwomba azirudishe kete na kumwonyesha njia alivyoijua. Kijana alijaribu kwa moyo wote, akazirudisha, akazitazama, akasema, “Naona tu, Babu.” Baadaye alikwenda Muscat kutafuta kazi, na sijasikia kwamba anacheza. Babu aliendelea kukaa barazani, akiwafundisha watoto wa mtaa hatua kwa hatua, kwani kila hatua alikuwa ameipata kwa taabu na aliweza kuieleza. Hakuna hata mmoja wao aliyemfikia yule kijana, na wengi wao wanacheza mpaka leo.