Moto wa Bunsen na neli ya majaribio: anzia hapa

Anayeingia maabara mara ya kwanza huogopa asidi. Ni haki yake, lakini moto na kioo atavishika karibu kila kipindi, basi aanze navyo.

Kabla ya kuwasha, kagua bomba la mpira linaloleta gesi kwenye kichomeo cha Bunsen, yaani jiko dogo la gesi la maabara. Likunje kwa vidole. Likionyesha nyufa, lisitumike. Funga nywele ndefu, kunja mikono ya sweta, vaa miwani. Zungusha pete iliyo chini ya kichomeo mpaka tundu la hewa lizibe. Washa njiti kwanza, isogeze mdomoni mwa kichomeo kutoka ubavuni, ndipo ufungue gesi. Wanaofungua gesi kisha wakahangaika na kiberiti huiacha ijikusanye, na ikishika hulipukia usoni.

Mwali utakaotokea ni wa njano na unayumba. Hewa haitoshi, kaboni haiungui yote. Chembe zake ndizo zinazong'aa, na zikigusa kioo zinakuwa masizi. Huo ni mwali wa kusubiria, kwa sababu unaonekana. Ukitaka kupasha, fungua tundu polepole mpaka uwe wa buluu. Penye mwanga wa dirisha, mwali wa buluu karibu hauonekani, kwa hiyo usiuache hivyo ukageukia daftari. Joto kali zaidi liko juu kidogo ya ile koni ndogo ya ndani. Ndani ya koni yenyewe kuna gesi isiyoungua bado.

Ukisikia mvumo na kuona moto umeshukia ndani ya kichomeo, hewa imezidi gesi. Usikiguse, chuma kimeshapata moto. Funga gesi, subiri kipoe, ziba tundu, washa upya.

Sasa neli ya majaribio, testi tyubu kama wengi wanavyoiita. Kimiminika kisizidi theluthi yake. Ibane kwa kishikio karibu na mdomo, iinamishe, mdomo uelekee pasipo na mtu, wewe ukiwemo. Kosa kubwa ni kuweka kitako motoni na kutulia. Maji ya chini hugeuka mvuke, ya juu yakiwa bado baridi; mvuke ukikosa njia huyarusha yote nje kwa mara moja. Anza kupasha karibu na uso wa kimiminika, ukiipitisha neli motoni na kuitikisa taratibu. Spiriti usiipashe hivi kabisa, mvuke wake unashika moto: zima kichomeo, kisha tumbukiza neli kwenye bika (chombo cha kioo chenye mdomo mpana) la maji yaliyochemshwa.

Kioo cha moto kinafanana kabisa na cha baridi. Kisogelee kwa mgongo wa kiganja bila kukigusa, joto utalihisi. Ukiungua, weka sehemu hiyo chini ya maji baridi ya bomba kwa dakika 20. Dawa ya meno na mafuta ya kupikia usipake, vinazuia joto lisitoke, na daktari atalazimika kuvisugua kwenye ngozi iliyokwisha kuumia.