Kitanda uani

Oktoba 2009 nilikuwa nimepanga chumba kimoja Mbagala, Dar es Salaam. Kodi ilikuwa nafuu kwa sababu ukuta ulikuwa na ufa tangu mabomu ya ghala la jeshi yalipolipuka Aprili 29. Mume wangu, dereva wa lori, alikuwa safari ya Tunduma, na mimi mgeni wa mji, nimetoka Mbinga. Jumapili nilikwenda misa, nikatoka wimbo wa mwisho haujaisha, nikarudi kujifungia.

Mwezi wa Rozari, sanamu ya Bikira Maria huzungushwa nyumba kwa nyumba katika jumuiya, kikundi cha Wakatoliki majirani wanaosali pamoja. Inalala kwako, kesho inahamia kwa jirani. Katibu alipita kunijulisha kwamba zamu yangu ni Ijumaa.

"Nitasafiri," nikasema.

"Unakwenda wapi?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo.

"Basi tutakuja saa kumi na moja jioni," akasema, akajiendea zake.

Walikuja kumi na wanne, huyu na kigoda, yule na jamvi kwapani. Mwenyekiti, mama muuza chapati, alichungulia ndani, akaviringisha mikono ya gauni. "Kitanda kitoke." Maaskofu waliopitisha jumuiya ndogondogo miaka ya 1970 sidhani kama waliwaza habari za vitanda. Akina mama wanne wakakipitisha mlangoni kwa ubavu, na godoro langu lenye kiraka likalazwa uani, wapangaji wote wakiangalia.

Chini ya kitanda palibaki mfuko wa rambo. Bibi mmoja aliuokota, na kofia ya mtoto ikachomoza, ya manjano, niliyoifuma mwenyewe. Alinitazama mara moja tu. Akairudisha ndani, akauweka mfuko miguuni pa sanamu, juu ya ndoo tuliyoipindua na kuifunika kitenge changu.

Rozari ya Ijumaa ni Matendo ya Uchungu, mateso ya Yesu. Nikapewa kuongoza tendo la tatu, Yesu anatiwa miiba kichwani. Salamu Maria ya kwanza ilipita salama. Ya pili nilifika "mzao wa tumbo lako", sauti ikakata.

Hawakusubiri. "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee sisi wakosefu…" Wakaendelea hivyo, wakinibebea na sehemu yangu. Yule bibi alikuwa amekaa ubavuni kwangu, akinisogezea punje za rozari moja moja kwa kidole chake kilichokakamaa.

Tulipomaliza, chai ya tangawizi ikamiminwa kutoka kwenye chupa waliyokuja nayo.

"Wa ngapi, mwanangu?" yule bibi akaniuliza.

"Wa kwanza."

"Wangu alikuwa wa tatu."

"Mimi mapacha," akadakia mwingine kutoka kwenye jamvi. Katibu, ambaye nilidhani hajui kunyamaza, alikuwa anakitazama kikombe chake. Tulikaa mpaka saa tatu usiku.

Kitanda walikirudisha kinyume, kichwa upande wa dirisha. Mume wangu aliporudi aliuliza nani amekigeuza.

"Jumuiya," nikamwambia.