Kilichokuwa Chini ya Majani ya Nyanya Zangu

Mwezi wa Juni, mvua zilipokatika hapa Jinja, miche yangu 12 ya nyanya nyuma ya jiko ilianza kukunja majani ya juu, nami nikadhani ni kiu tu. Niliimwagilia maji siku tatu bila nafuu, mpaka mama jirani alipopita akaniuliza, "Mwanangu, sisimizi hawa wanapanda kufuata nini?"

Nikageuza jani. Kandokando ya mshipa wa kati, vidukari wa kijani walikuwa wamebanana kama ulezi uliomwagika, na jani lililokuwa chini yao lilinata vidoleni, kwa kuwa mdudu huyu hufyonza utomvu wenye sukari nyingi kuliko anavyohitaji, akaitoa iliyozidi kama majimaji matamu yanayowavuta sisimizi na kuotesha ukungu mweusi mithili ya masizi. Nilipoutikisa mche wa pili, waliruka inzi weupe, wadogo kama chembe za unga.

Hao wa pili ndio walionitia hofu. Mche ulioshambuliwa na vidukari huweza kupona, lakini inzi weupe hueneza virusi vinavyodumaza majani, kuyatia umanjano pembeni na kuyakunja kuelekea juu, na mche ulioambukizwa ungali mchanga hauna dawa wala hauzai cha maana. Miwili ilikuwa na dalili hizo. Niliing'oa siku hiyohiyo, ingawa ilikwisha kutoa maua.

Kwa iliyobaki, nilikosea kwanza kwa kutumia sabuni ya unga, ikababua majani. Sasa nakwangua sabuni ya kipande, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji, na kunyunyiza jioni kutoka chini kwenda juu, kwa sababu sabuni humuua yule tu inayemgusa. Ndiyo maana narudia kila baada ya siku tano, mayai yanapoendelea kuanguliwa. Dumu la manjano la mafuta ya kupikia, lililopasuka, nimelikata vipande, nikavipaka grisi na kuvitundika kati ya miche. Inzi weupe huifuata rangi hiyo wakanasa.

Sumu ya dukani sijainunua, kwani ingewaua pia wale wadudu wekundu wenye madoa meusi wanaokula vidukari. Asubuhi ya leo nimekuta kishada cha mayai yao ya manjano chini ya jani moja, nikalifunga uzi ili nisilinyunyizie.